Jiwe, Chuma na Saruji: Elimu ya Myeyuko katika Nchi ya Tororo na Busia

Msafiri asimamaye Mukuju, kaskazini ya mji wa Tororo, akageuza uso kusini siku isiyo na ukungu, huuona Mwamba wa Tororo umejitokeza juu ya nchi tambarare kama mtu aliyesimama peke yake kiwanjani. Chini yake pana mji, pana reli, na pana kiwanda cha saruji. Akiendelea kusini mpaka Busia, kisha akaishika njia ya kwenda ziwani, atafika kwenye vilima vya Samia, vilivyogawanywa na mpaka wa Uganda na Kenya, ambamo wahunzi wa zamani walichimba mawe ya chuma. Mwamba, kiwanda na vilima: mambo hayo matatu mwalimu wa jiografia huyagusa siku moja, mwalimu wa historia siku nyingine, na mwalimu wa kemia aghalabu hayagusi kabisa.

Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba mambo hayo matatu hufunguliwa kwa ufunguo mmoja. Ufunguo wenyewe ni kanuni fupi: vitu viwili vikichanganywa, mara nyingi mchanganyiko wao huyeyuka kwa moto mdogo kuliko ule unaotakiwa na kila kimoja peke yake. Kanuni hii ilitumiwa na watu wa nchi hii kabla haijapewa jina Ulaya. Baadaye ikawa ndiyo hoja iliyomaliza ubishi mkubwa wa wanajiolojia kuhusu mawe ya Tororo. Na mwishowe ikawatatiza watengenezaji wa saruji kwa sababu ya kitu kidogo kilichojificha ndani ya mawe yale yale. Sisi walimu wa Kiswahili tunahusika pia, kwani somo hili likifundishwa kama jambo la kigeni, mwanafunzi wa Mukuju atadhani kwamba sayansi haijapata kukanyaga nchi yake.

Lehemu ya fundi wa redio

Tuanze na kitu ambacho kila mtu amekiona. Fundi wa redio katika kibanda chake pale Busia hushika pasi ya kulehemu kwa mkono mmoja na uzi wa lehemu kwa mkono wa pili. Lehemu ya miaka mingi imekuwa mchanganyiko wa risasi na bati. Risasi peke yake huyeyuka ikifika digrii 327 za sentigredi. Bati peke yake huyeyuka kwa digrii 232. Mtu angetazamia kwamba ukivichanganya, mchanganyiko utayeyuka mahali fulani baina ya viwango hivyo viwili. Sivyo. Ukichukua sehemu 62 za bati na sehemu 38 za risasi kwa uzito, mchanganyiko huyeyuka kwa digrii 183 tu, chini ya bati na chini ya risasi. Tena huyeyuka wote kwa mara moja, na ukipoa huganda wote kwa mara moja, bila ya kupita katika hali ya ujiuji. Kwa hiyo fundi huweza kuunganisha waya bila ya kuviunguza vyombo vilivyo jirani.

Jambo hili lilichunguzwa kwa utaratibu na mwanafizikia Mwingereza, Frederick Guthrie. Yeye alianza na chumvi na barafu. Barafu huyeyuka kwa digrii 0, na chumvi ya kula haiyeyuki mpaka ifike digrii 801. Lakini vikikutana, vyote viwili huwa maji hata katika baridi ya digrii 21 chini ya sufuri. Mwaka 1884 Guthrie aliupa mchanganyiko wa namna hiyo jina kutoka Kigiriki, yutektiki, maana yake kiyeyukacho kwa wepesi. Miaka michache kabla yake, baina ya 1876 na 1878, Mmarekani Willard Gibbs alikuwa ameandika kanuni za hesabu zinazoeleza ni hali ngapi za kitu, yabisi, kimiminiko au gesi, zinazoweza kukaa pamoja kwa amani katika joto na kanieneo fulani.

Kutokana na kazi za watu kama hao ulizaliwa mchoro ambao wataalamu huutumia mpaka leo. Chora mstari mlalo: mwanzo wake ni risasi tupu, mwisho wake ni bati tupu, na kila nukta ya katikati ni mchanganyiko wa kadiri fulani. Kisha pandisha joto kwa mstari wima. Kutoka kila upande, kiwango cha kuyeyuka hushuka kadiri kitu cha pili kinavyoongezwa, mpaka miteremko miwili hukutana bondeni. Chini ya bonde lile ndipo ilipo yutektiki. Juu ya miteremko kila kitu ni kimiminiko; chini ya sakafu ya bonde kila kitu ni yabisi; na baina yake pana eneo ambamo kimiminiko na yabisi hukaa pamoja, kama uji na mabonge yake. Mchoro huo twaweza kuuita ramani ya hali. Anayeijua ramani hiyo hujua, kabla ya kuwasha moto, kitu gani kitatiririka na kitu gani kitabaki kimesimama.

Sababu yake si ngumu kuifahamu. Ndani ya kitu yabisi kilicho safi chembe zimepangwa kwa safu, na kimiminiko chake kikiwa safi huwa tayari kurudi kwenye safu zile joto likipungua. Mgeni akiingia katika kimiminiko, huzitawanya chembe na kuzizuia zisipangike upesi. Lazima basi joto lishuke zaidi ndipo ziweze kuganda.

Wahunzi wa Samia

Sasa twende kwenye vilima vya Samia. Mawe ya vilima hivyo yana tabaka za chuma, nyekundu na nyeusi, na kwa sababu hiyo Wasamia walikuwa na sifa ya uhunzi katika nchi zote za kandokando ya ziwa. Majembe yao yalikwenda kwa Wajaluo, kwa Wasoga na kwa majirani wengine. Jembe halikuwa chombo cha kulimia tu. Lilitolewa katika mahari na lilibadilishwa kwa mifugo na nafaka.

Mhunzi alijenga tanuri ya udongo, akaijaza makaa na mawe ya chuma yaliyopondwa, na vijana wakavuta mivukuto bila kupumzika. Tufikirie alilokuwa akikabiliana nalo. Chuma safi huyeyuka kwa digrii 1538, na tanuri ya udongo yenye mivukuto ya mkono kwa kawaida haifiki huko. Lakini mhunzi hakuhitaji kukiyeyusha chuma. Alichohitaji ni kuutoa uchafu. Makaa yanapoungua hutoa gesi inayonyang'anya oksijeni kutoka katika jiwe, na chuma hubaki kikiwa yabisi, chenye vitundu kama sifongo. Taabu ni mchanga, yaani silika, uliomo ndani ya jiwe. Silika peke yake haiyeyuki mpaka ipite digrii 1700. Ingebaki humo, chuma kisingeweza kufuliwa.

Hapa ndipo kanuni yetu ilipomsaidia mhunzi. Sehemu ya chuma ambayo haijanyang'anywa oksijeni yote hubaki kama oksaidi ya chuma, na oksaidi hiyo peke yake huyeyuka kwa digrii zipatazo 1370. Inapokutana na silika, viwili hivyo hufanya mchanganyiko unaoyeyuka kwa digrii 1180 hivi. Joto hilo tanuri ya makaa hulifikia. Kwa hiyo uchafu hugeuka kimiminiko kizito, hutiririka chini, na huganda kuwa mavi ya chuma. Kile kibonge kilichobaki hutolewa, hupigwa nyundo juu ya fuawe kikiwa chekundu, na mabaki ya uchafu hukamuliwa nje kwa mapigo.

Msomaji ataona kwamba kazi hiyo ina kodi yake. Ili kuuondoa mchanga, mhunzi alilazimika kuacha sehemu ya chuma chake iende pamoja nao. Ndiyo maana mavi ya chuma ya zamani ni mazito mkononi: yamejaa chuma. Mtu asiyejua ataona huo ni upotevu wa watu wasio na maarifa. Anayejua ramani ya hali ataona kwamba bila ya kodi hiyo jembe lisingepatikana kwa tanuri ile.

Tena palikuwa na hatari upande wa pili. Makaa yakizidi na moto ukizidi, chuma hunywa kaboni. Chuma chenye kaboni ya asilimia 4.3 huyeyuka kwa digrii 1147, karibu digrii 400 chini ya chuma safi, kwani hiyo nayo ni yutektiki. Kitatiririka vizuri, lakini kikipoa huwa kigumu na chepesi kuvunjika, na nyundo ikikipiga hupasuka vipande. Chuma cha namna hiyo hufaa kumiminwa katika kalibu, hakifai kufuliwa jembe. Kwa hiyo mhunzi wa tanuri kama hiyo alitembea baina ya mabonde mawili: bonde la mchanga na oksaidi alilazimika kuliingia, na bonde la chuma na kaboni alilazimika kuliepuka. Hakuwa na kipimajoto. Alikuwa na rangi ya moto, sauti ya mivukuto, na mafundisho ya waliomtangulia.

Ramani ya kwanza ya chuma na kaboni ilichorwa na Mwingereza William Roberts-Austen mnamo 1897, na Mholanzi Roozeboom akaitengeneza kwa kufuata kanuni za Gibbs mwaka 1900. Reli ya Uganda ilifika ziwani Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, na mwaka 1902 jimbo la mashariki la Uganda ya wakati ule likahamishiwa upande unaoitwa leo Kenya. Majembe ya viwandani yakaja kwa bei ndogo, na tanuri za Samia zikazimika moja baada ya moja. Hivyo wataalamu wa Ulaya walikuwa wanaumaliza mchoro wa elimu ya chuma karibu katika miaka ile ile ambayo wenye elimu hiyo mikononi walikuwa wanaanza kukosa wanunuzi. Wa kwanza waliacha maandishi. Wa pili waliacha marundo ya mavi ya chuma.

Jiwe la chokaa lililotoka motoni

Turudi kaskazini kwenye Mwamba wa Tororo. Mwamba huo na vilima vya karibu yake, pamoja na vilima vya Sukulu vilivyo kusini ya mji, ni mabaki ya volkano za kale zilizokwisha kuliwa na mvua na upepo kwa mamilioni ya miaka. Ajabu yake ni kwamba sehemu kubwa ya mawe yake ni mawe ya chokaa. Kila mwanafunzi amefundishwa kwamba mawe ya chokaa hufanyika chini ya bahari, kwa makombe na matumbawe, kama yale ya Mombasa na Unguja. Lakini Tororo iko mbali na bahari, na nchi iliyoizunguka ni ya miamba ya kale sana ya jamii ya matale, isiyo na tabaka za chokaa ambazo volkano ingeweza kuzipasua na kuzipandisha juu. Chokaa hiyo ilitoka wapi?

Swali hilo halikuwa la Tororo peke yake. Mwaka 1921 mwanajiolojia wa Norwe, W. C. Brøgger, aliyachunguza mawe ya namna hiyo mahali paitwapo Fen, akasema kwamba yalitoka chini ya ardhi yakiwa yameyeyuka. Akayaita kabonatiti. Wengi walikataa. Mmoja wa waliopinga alikuwa N. L. Bowen, bingwa wa ramani za hali za miamba, aliyefanya kazi katika Maabara ya Jiofizikia mjini Washington. Mwaka 1924 alieleza kwamba mawe ya Fen yalikuwa miamba ya kawaida iliyobadilishwa baadaye na maji ya moto.

Upinzani huo ulikuwa na msingi. Mtu yeyote aliyechoma chokaa anajua kwamba jiwe la chokaa likipashwa moto haliyeyuki: hutoa gesi ya kabonidioksaidi likabaki unga mweupe. Ili liyeyuke sharti gesi izuiliwe isitoke. Mwaka 1923, katika maabara ile ile ya Washington, Smyth na Adams walionyesha kwamba jiwe la chokaa huyeyuka kwa digrii 1339, tena chini ya kanieneo iliyozidi ile ya hewa mara 1000. Kama kweli mawe ya Tororo yalipanda yakiwa na joto kama hilo, miamba ya kandokando ingepaswa kuwa na dalili za kuungua vikali. Dalili hizo hazikuonekana. Basi ikawa wachunguzi waliotembea juu ya vilima, huku Afrika ya Mashariki na Nyasaland, waliona kwa macho yao mawe ya chokaa yamepenya miamba mingine kama kitu kilichotiririka, na wenzao wa maabara waliwajibu kwamba jambo hilo haliwezekani.

Kosa lilikuwa wapi? Vipimo vya Smyth na Adams vilikuwa sahihi. Lakini vilikuwa vipimo vya chokaa na gesi yake tu, na tumbo la ardhi si mahali pa vitu safi. Mwaka 1960 P. J. Wyllie na O. F. Tuttle, waliokuwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania huko Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio yao. Walikuwa wameongeza kitu kimoja tu: maji. Jiwe la chokaa lililofungiwa pamoja na maji chini ya kanieneo lilitoa kimiminiko katika joto la digrii 650 hivi, nusu ya kile kiwango cha zamani. Maji yalifanya kwa chokaa kama bati lifanyavyo kwa risasi. Kabonatiti ikaweza kutiririka ikiwa na joto dogo kuliko la lava ya kawaida, na ile hoja ya miamba isiyoungua ikaanguka.

Mwaka ule ule wa 1960, katika Tanganyika, mwanajiolojia J. B. Dawson aliiona lava ikitoka ndani ya kreta ya Oldoinyo Lengai, mlima wa Mungu wa Wamasai. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1962. Lava ile ilikuwa nyeusi, nyepesi kama mafuta, na haikuwa na silika kama lava nyingine. Ilikuwa ya kabonati, nyingi yake ikiwa ya jamii ya magadi, na joto lake halifiki hata digrii 600. Ikipata unyevu hugeuka nyeupe baada ya muda mfupi. Magadi hayo hayo ambayo mama huyatia chunguni maharagwe yalainike ndiyo yanayozidi kushusha kiwango cha kuyeyuka cha kabonati. Lengai ndiyo volkano pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya namna hiyo katika zama zetu.

Hivyo kilima kinachoonekana kutoka Mukuju kilikuwa na ushahidi muda wote. Kilichokosekana si ushahidi wa jiwe, bali ramani ya kuusoma.

Saruji na adui wake

Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uganda ilikuwa na haja kubwa ya saruji. Ujenzi wa bwawa la Owen Falls pale Jinja ulianza mwaka 1949, na bwawa likafunguliwa mwaka 1954. Saruji ya kutoka ng'ambo ilikuwa ghali kwa safari ya meli na reli. Tororo ilikuwa na mawe ya chokaa, na reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilikuwa ikipita pale pale. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kiwanda cha saruji kikasimama, na kikawa miongoni mwa viwanda vikubwa vya kwanza vya nchi.

Saruji ya kisasa ilipewa hati ya uvumbuzi na Joseph Aspdin huko Uingereza mwaka 1824, lakini kwa miaka mingi waliipika bila ya kujua ndani yake mna nini. Mfaransa Henry Le Chatelier ndiye aliyeonyesha, mwaka 1887, kwamba nguvu ya saruji hutokana hasa na mchanganyiko maalumu wa chokaa sehemu tatu na silika sehemu moja. Nasi twaweza kuuita kiungo chenye nguvu. Pana na ndugu yake, mwenye chokaa sehemu mbili kwa silika moja, ambaye naye hukauka na kushika, ila kwa uvivu, baada ya majuma mengi.

Kiungo chenye nguvu hupikwaje? Chokaa huyeyuka kwa digrii 2600 hivi, alumina kwa digrii zipitazo 2000, silika kwa digrii zipitazo 1700. Hakuna kiwanda cha saruji kinachofikia joto la kuyeyusha chokaa. Lakini mwaka 1915 Rankin na Wright, katika maabara ile ya Washington tuliyokwisha kuitaja, walichora ramani ya vitu hivyo vitatu pamoja, na ramani hiyo ikaeleza siri. Vitu hivyo vikichanganywa kwa kadiri ya saruji, kimiminiko cha kwanza hutokea kwa digrii 1455. Ukiongeza oksaidi ya chuma, ambayo imo katika udongo wa kawaida, kimiminiko hutokea kwa digrii 1338. Ndani ya tanuri ndefu inayozunguka, moto hufika digrii 1450 hivi. Hapo karibu robo ya mchanganyiko huwa kimiminiko, na robo hiyo ndiyo inayozikutanisha chembe za chokaa na ndugu mvivu mpaka kiungo chenye nguvu kikazaliwa. Kinachotoka ni vigoroto vyeusi viitwavyo klinka, ambavyo husagwa pamoja na jasi kidogo. Mhunzi wa Samia alikitumia kimiminiko kuutoa uchafu. Mpishi wa saruji hukitumia kuwakutanisha wasioweza kukutana. Kanuni ni moja.

Lakini mawe ya Tororo hayakuwa mawe ya Mombasa. Kwa kuwa yalizaliwa katika moto, yalikuja na wenzake wa motoni, na mmojawao ni apatiti, madini yenye fosfeti. Mwaka 1952 mtaalamu wa Uingereza R. W. Nurse alichapisha uchunguzi wake juu ya athari ya fosfeti katika saruji. Aligundua kwamba kila asilimia moja ya oksaidi ya fosforasi katika klinka hupunguza kiungo chenye nguvu kwa karibu asilimia 10, na humwongeza ndugu mvivu kwa kadiri inayozidi kidogo hiyo. Sababu ni kwamba fosfeti huingia ndani ya ndugu mvivu na kumtuliza, naye akisha kutulia hataki tena kuipokea chokaa. Chokaa isiyopokelewa hubaki huru, na chokaa huru ni hatari: hufura polepole ndani ya ukuta uliokwisha kukauka, na ukuta hupata nyufa. Miaka ya 1959 na 1963 Nurse na wenzake, Welch na Gutt, walichapisha ramani za hali za silikati na fosfeti zilizolieleza jambo hilo hatua kwa hatua.

Kwa hiyo anayepika saruji kwa mawe yenye fosfeti hana budi kupima kila sehemu ya machimbo, kuchagua, kuchanganya jiwe chafu na lililo safi zaidi, na kutozidisha chokaa. Siku hizi viwanda vya Tororo hupata mawe ya chokaa pia kutoka mbali, katika nchi ya Karamoja, yakiletwa kwa malori.

Tusisahau upande wa pili wa habari. Kilicho adui wa mwashi ni rafiki wa mkulima, kwani fosfeti ni chakula cha mimea. Mwaka 1947 K. A. Davies, wa Idara ya Jiolojia ya Uganda, aliandika juu ya hazina za fosfeti za jimbo la mashariki. Udongo wa mabonde ya Sukulu pekee umekadiriwa kuwa na zaidi ya tani milioni 200 za udongo wenye fosfeti. Taabu ni kwamba apatiti haiyeyuki upesi katika maji ya udongo, na mmea hauwezi kula jiwe. Katika miaka ya 1940 mawe ya fosfeti ya Busumbu, kaskazini ya Tororo, yalipelekwa Turi katika Kenya, yakachomwa pamoja na magadi ili yawe mbolea. Magadi yalifanya tena kazi yake ya kulivunja jiwe katika joto ambalo jiwe peke yake lingelistahimili. Katika miaka ya 1960 Tororo ilikuwa na kiwanda chake cha mbolea, nacho kikasimama katika misukosuko ya miaka ya 1970. Mwaka 2018 kiwanda kipya cha fosfeti kilifunguliwa Sukulu. Kwa muda wote uliopita katikati, wakulima wa Tororo walinunua mbolea iliyovuka bahari, huku wakiishi juu ya hazina ya mbolea.

Neno kwa walimu

Kiswahili kiliingizwa katika katiba ya Uganda mwaka 2005 kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliagiza kifundishwe shuleni kama somo la lazima. Watu wa Malaba na Busia hawakungoja agizo. Soko la mpakani limekifundisha muda mrefu. Lakini Kiswahili cha sokoni hakitoshi. Mwanafunzi akisha kujua kupatana bei, anastahili kujua pia kueleza kwa lugha hiyo hiyo kwa nini mwamba wa nyumbani kwake ni wa chokaa.

Maneno tunayo. Tunayo lehemu, mavi ya chuma, fuawe, mivukuto, kalibu, magadi na chokaa. Hayo hayakutungwa na kamati. Yametoka katika kazi za mikono. Kwa lile moja tunalopungukiwa, si aibu kusema yutektiki, mradi mwalimu alieleze mara ya kwanza kuwa ni myeyuko wa pamoja ulio chini ya myeyuko wa kila mmoja. Neno geni lililoelezwa vizuri halimdhuru mwanafunzi. Linalomdhuru ni neno linalokaririwa bila ya maana.

Wala mwalimu asitumie lehemu darasani, kwa kuwa risasi ni sumu. Na achukue barafu ya wauza samaki, aiponde, aitie kipimajoto, kisha aongeze chumvi kidogo kidogo. Wanafunzi wataona barafu inayeyuka, na papo hapo kipimajoto kinashuka chini ya sufuri. Watauliza inakuwaje kitu kiyeyuke huku kikizidi kuwa baridi. Wakiuliza hivyo, somo limekwisha kuanza. Kutoka hapo na awatoe nje, awaonyeshe Mwamba wa Tororo, awaambie kwamba jiwe lile lilipita njia hiyo hiyo, na kwamba wahunzi wa Samia waliijua njia hiyo kwa rangi ya moto, kabla Guthrie hajaipa jina.